Vitabu Viwili vya Kilatini

Juzi Jumapili simu ya mama iliita tukiwa tunaosha vyombo. Mikono yake ilikuwa na sabuni, akaiweka kwenye spika. Aliyepiga alikuwa mama mmoja Mtanzania aliyehamia mji wa Anoka, huku ughaibuni, mwaka huu, ameamua kuwafundisha watoto wake nyumbani. Baada ya zile salamu ndefu akasema, "Sasa dada, kwenye Kilatini ndipo nilipokwama. Mitaala iko mingi, kila mmoja unajisifu. Ninyi mlichagua upi?"

Mama alicheka mpaka akashika ukingo wa sinki. "Muulize binti yangu. Yeye ndiye aliyetuchagulia."

Mimi nikaikausha sahani moja mara tatu. Nina miaka kumi na sita, lakini nikisikia neno Kilatini limetamkwa ghafla bado nageuza uso. Mama akanionea huruma, akajibu mwenyewe. Kwa hiyo acha nikuandikie wewe unayesoma, maana wewe hunikatizi.

Wakati ule tulikuwa tunakaa Maplewood, ghorofa ya pili, mahali ambapo hita ilikuwa inavuma mchana kutwa na midomo inapasuka kwa ukavu. Nilikuwa na miaka tisa, mdogo wangu wa kiume sita. Tulikuwa hatuendi shule, na sababu ilikuwa mimi. Darasa la tatu nilisoma shuleni tangu vuli hadi karibu na Krismasi bila kumwambia mwalimu neno hata moja. Kiingereza nilikijua, ila kilikuwa kinaishia kooni. Ule ukumbi wa chakula ulikuwa na kelele mpaka nikashindwa hata kumeza. Na siku moja, kwa kuwa nilikuwa siwezi kuomba ruhusa ya kwenda chooni, nilijikojolea ndani ya basi. Kiti kilikuwa cha watu wawili. Yule msichana aliyekaa na mimi hakusema kitu, alihama tu.

Mama alinitoa wiki ileile. Baba hakupenda. Anafanya kazi ya kompyuta, ni mtu wa kupima mambo, na mezani akapima hili pia: "Sawa, wakae nyumbani. Lakini tuone kitu. Hicho Kilatini unachokitaka, ukiweza kuwafundisha baridi hii, basi. Ukishindwa, mwaka wa shule ujao wote wawili wanapanda basi." Aliposema basi, nilitazama chini ya meza.

Kwa nini Kilatini? Mama ni nesi. Alipokuwa chuoni alimeza majina ya Kilatini ya mifupa na misuli kama mtu anayemeza vidonge bila maji, na aliapa kwamba watoto wake hawatakutana na maneno hayo kwa mara ya kwanza ukubwani. Akaanza kutafuta mtaala. Aliagiza mitatu, akatujaribishia mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza ulikuwa wa nyimbo, mdogo wangu akaupenda, mama akasema huo ni wa chekechea. Wa pili ulikuwa wa hadithi, familia ya zamani na mbwa wao, unakisia maana kwa kutazama picha. Mama akasema kukisia si kusoma. Wa tatu ulikuwa mnene, hauna picha, una majedwali na mazoezi ukurasa hadi ukurasa. Nilimwona mama akiupapasa. Ulifanana na vitabu alivyosomea yeye, vitabu visivyochekacheka na mtoto.

Huo wa tatu ulikuja na vitabu viwili, cha mwanafunzi na cha mwalimu. Mama alifanya kile ambacho kila mzazi wa kwao hufanya kitabu kikiingia nyumbani: kabla ya kusoma neno, alivifunika. Alikata mifuko ya kaki ya dukani, akakunja pembe vizuri kwa rula, akabandika gundi. Kimoja akaandika jina langu, kingine akaandika MAMA.

Nilianza Jumatatu, saa tatu asubuhi, mezani jikoni. Chini ya kila swali kulikuwa na maandishi madogo mekundu, nami nikayanakili kwenye daftari. Nilidhani ndivyo kitabu kilivyo. Nilidhani kazi ni kunakili vizuri. Mama alichukua daftari langu, akaenda nalo chumbani na kitabu chake, akafunga mlango, akarudi na vema juu ya kila jibu. Jumatano alinituma nimletee kitabu chake, nikakifungua njiani. Kurasa zilikuwa zilezile, ila chini ya maswali palikuwa peupe.

Nilisimama ukumbini na soksi zangu, baridi ikipanda miguuni kutoka kwenye sakafu. Nilielewa palepale. Na nilikuwa nakwenda kumwambia, naapa, mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini mama alikuwa anaongea na baba kwenye simu. "Mume wangu, hujaona! Hajakosa hata moja. Kitabu kigumu kile, mtoto anakipitia kama anakunywa chai." Kisha akasikiliza, akacheka. "Kwa hiyo umekubali kwamba hawarudi?"

Nikafunga mdomo.

Ndivyo zilivyokwenda wiki tano. Ukiniuliza kumbukumbu za utotoni nitakwambia juu ya harufu ya tangawizi kwenye sufuria ya chai, gari la theluji linalokwangua barabara chini ya dirisha, mdogo wangu akiimba herufi huku anachovya andazi kwenye kikombe changu. Vyote hivyo vilikuwepo, na nilivipenda. Lakini katikati yake nilikuwa nimekaa mimi, kitabu nimekiegemeza kwenye kopo la sukari ili mtu asiione ile rangi nyekundu, mgongo umeloa jasho ndani ya sweta. Mama akisogea, nafunika ukurasa kwa kiwiko. Usiku niliota wino mwekundu umenipaka mpaka kwenye meno.

Bibi alikuwa nasi majira yale, amekuja kututembelea kutoka Songea. Alivaa masweta mawili chini ya khanga na soksi za baba, akakaa karibu na hita kama aliyepewa kazi ya kuilinda. Alikuwa ananiita mke mwenzangu, na mdogo wangu alikuwa mume wetu, mume asiyejua kufunga kamba za viatu. Kiingereza bibi hajui. Kilatini aliwahi kukiimba kanisani alipokuwa msichana, mistari na mistari, bila mtu kumwambia maana yake. Siku moja mama akiwa bafuni alivuta daftari langu, akalifunua ukurasa kwa ukurasa, akapitisha kidole juu ya karatasi.

"Mke mwenzangu," akasema, "hili daftari mbona halina jasho?"

Nikamwambia sielewi.

"Mimi nilipokuwa naanza kuandika, nilifuta mpaka karatasi ikatoboka. Sista akanichapa kwa yale matobo. Wewe hujafuta hata mara moja." Akanitazama. "Mtu asiyekosea ni mtu asiyejifunza, au ana lake."

"Bibi, usimwambie mama."

"Nimwambie nini? Mimi hata kusoma hicho sijui. Mdomo ni wako." Akanirudishia daftari na akaomba chai.

Ningependelea anichape. Sasa nilikuwa na watu wawili wa kuwaogopa, mama asiyejua na bibi anayejua.

Kisha jambo likawa kubwa kuliko sisi. Mama alikuwa na marafiki watatu waliokuwa wanataka kuwafundisha watoto nyumbani, wakakubaliana kuchagua mtaala mmoja ili watoto wao wasome pamoja kila Jumamosi. Mama akawasifia kile kitabu kinene. Wakasema wamwone mtoto kwanza. Tukaitwa Oakdale, kwa mwanamke tunayemwita mama mdogo ingawa hatuna damu naye.

Ndani ya gari nilikaa nyuma na bibi. Niliapa nitasema tukifika taa ya kwanza. Taa ya kwanza ikawa ya kijani. Nikaapa ya pili. Mama alikuwa anaimba, na nilikuwa sijamsikia akiimba kwa muda mrefu. Tukafika.

Viatu vyenye theluji vilijaa mlangoni. Sebuleni kulikuwa na sambusa, joto la kupita kiasi, na wanawake wakiongea wote kwa pamoja. Mmoja alikuwa Mkenya, nesi mwenzake na mama. "Mimi nime-drive na hii theluji yote," alikuwa anasema, "na huyu wangu nikimwita ananiambia *coming, coming*, na haji. Sasa hicho Kilatini atakuja nacho?"

"Atasema *coming* kwa Kilatini," mama mdogo akajibu, "na bado haji."

Wakacheka. Mama akaniweka katikati ya zulia. Niliomba kwa macho nitumie kitabu changu, lakini mama mdogo alikuwa ameshanunua cha kwake, kipya, hakijaandikwa. "Mpe hiki, tuone vizuri." Yule Mkenya akafungua katikati akanipa. "Haya mama, hapa. Tusomee, utuambie maana."

Palikuwa peupe. Ukurasa mzima mweupe chini ya maswali.

Nilihisi mkojo unataka kunitoka kama siku ile kwenye basi. Nilimtazama mama. Alikuwa anatabasamu, anatikisa kichwa kunitia moyo. Nilijua nikinyamaza watasema mtoto ana haya, watanipa sambusa, na mambo yatapita. Kunyamaza nilikuwa nakujua. Lakini lile tabasamu lake sikuweza kulivumilia. Nikasikia sauti, na ilikuwa yangu.

"Kitabu changu kina majibu."

"Unasemaje?" akauliza yule Mkenya.

"Kina majibu. Kwa rangi nyekundu. Mama alifunika akakosea jina. Nimenakili yote. Sijui Kilatini."

Hapo ndipo niliona uso wa mama. Nilitegemea hasira. Badala yake alikuwa kama mtu aliyefumaniwa. Alifungua mkoba wake taratibu, akatoa vile vitabu viwili vya kaki, akaweka changu mapajani, akakiangalia, kisha akafungua chake ili wenzake waone. Kilikuwa kimejaa penseli. Majibu yamefutwa, yameandikwa tena, yamefutwa tena, karatasi imekuwa ya kijivu, mahali pengine imetoboka.

"Mimi nilijua hiki ndicho cha mwalimu," akasema. "Nikaona hakina majibu, nikadhani mwalimu wa kweli anatakiwa ayajue mwenyewe. Nikaona aibu kuuliza. Nimekuwa nikiamka alfajiri, ninyi mmelala, nikiyatafuta." Akanigeukia mimi, si wao. "Na yakipishana na yako, nilikuwa nafuta yangu. Nilisema mtoto ana akili kuliko mimi."

Kisha bibi, kutoka kwenye kona yake, akasema, "Haya, kati yenu mwalimu ni nani?"

Walicheka mpaka yule Mkenya akafuta machozi kwa kona ya leso. Mama akacheka pia, baadaye, halafu akalia kidogo. Wakachagua kile kitabu kinene. Mama mdogo alisema kama mtu mzima mwenye zamu hospitalini amekipata bila majibu, basi kinafundisha. Ndiyo maana mama husema mimi ndiye niliyechagua.

Baba tulimweleza jioni ileile. Hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Alisema mwenyewe? Mbele ya wote?" Mama akasema ndiyo. Baba akanitazama kwa upole, na ule upole ulinitisha kuliko chochote. "Basi si suala la Kilatini tena," akasema. "Mtoto aliyeweza kusema vile mbele ya wale, atamwambia mwalimu shida yake. Amalizie mwaka nyumbani. Mwezi wa tisa anakwenda."

Nilidhani mama atanitetea. Alitazama mikono yake, akasema, "Ni kweli."

Tukabaki na miezi sita. Tulianza upya ukurasa wa kwanza, mimi na yeye, wote wawili na kitabu cha mwanafunzi. Cha mwalimu alikifunga ndani ya mfuko akakiweka juu ya friji. Tulibishana. Alinishinda, nikamshinda. Kuna asubuhi alipiga meza kwa kidole na kusema, "Nimelipata! Usiniambie!" na uso wake ulikuwa wa msichana wa shule. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena, na kila siku nilihesabu zilizobaki kwa woga, kama mtu anayesikiliza hatua za watu ngazini. Bibi aliondoka theluji ilipoyeyuka. Hakurudi tena, alifariki mwaka uliofuata huko Songea, na sisi tukaangalia mazishi kwenye simu.

Mwezi wa tisa nilipanda basi. Mwalimu mpya aliniuliza jina langu mbele ya darasa zima, nikalisema. Akaniuliza natoka wapi, nikasema. Ilikuwa rahisi, na hapo ndipo niliogopa kweli: sikuwa tena na sababu ya kurudishwa nyumbani.

Sijawahi kumwambia mtu hili: wiki ile ya kwanza nilifikiri ninyamaze makusudi. Nilijua namna ya kufanya. Wiki mbili, tatu za kutosema neno, na mama angekuja kunitoa kama mwanzo. Jumatatu iliyofuata niliamka nikiwa nimeamua, nikamkuta mlangoni amevaa sare ya kazi, anatafuta funguo. Alikuwa amehamia zamu ya asubuhi; nyumbani hapakuwa tena na mtu wa kubaki nami. Mdogo wangu alikuwa ameshavaa mkoba wake, naye alikuwa anaanza darasa la kwanza. Mama alinifunga zipu ya koti ingawa nilikuwa mkubwa, akaniuliza kama niko sawa, nami nikasema niko sawa.

Mdogo wangu sasa ananijibu kwa Kiingereza tu. Mama anajua Kilatini kuliko mimi. Tulihama Maplewood, na nyumba hii mpya ina jiko kubwa lenye dirisha la jua. Saa tatu asubuhi hamna mtu ndani yake.