Morse Chini, Sauti Juu

Mambo yote yale yaligharimu waya wa shaba wa antena kutoka Firq, kidude cha mtumba cha kugongea Morse, ile lugha ya nukta na mistari, na baba mmoja. Nimejumlisha mara mbili, jibu halibadiliki. Mpaka leo nikipita kwenye karakana za Firq, nje kidogo ya mji wetu, pua ikakutana na moshi wa lehemu, hujiona niko chumbani kwa Ami Seif, Nizwa, masikio yamebanwa na hedfoni zenye jasho la mtu mwingine.

Mama alishafariki. Baba alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, akaniacha kwa Bibi, mama yake. Baba na mdogo wake, Ami Seif, walikuwa watu wa redio, wale wenye leseni ya kuzungumza hewani na dunia nzima. Basi kila Ijumaa baada ya sala, Baba akipatikana hewani.

Ami alinifahamisha kwamba bendi ya masafa ya redio imegawiwa kama maji ya mfereji wa falaji mashambani, kila mtu na fungu lake: chini Morse, katikati kipande chembamba cha mashine ziandikazo, juu sauti. "Hizo ndizo kanuni," akasema.

Bibi alikulia Unguja, kwenye taarabu, na kanuni aijuayo yeye ni ile ala yenye nyuzi. Akauliza kutoka jikoni, "Bendi imegawanyika? Maskini. Kanuni kachukua Seif. Fidla kapewa nani?"

Ami hakucheka. Akaongeza kifungu chake mwenyewe: watoto chini, watu wazima juu. Mtoto akipanda kwenye sauti, leseni inanyang'anywa. Mie niliyekuwa nikibishania hata bei ya pipi, hapo sikubisha. Roho yangu ilitaka sauti ya Baba, nikaridhika na nukta na mistari. UMEKULA. SOMA SANA. NTARUDI. Herufi za neno hilo la mwisho nilizihesabu mara mbili, nisije nikapunjwa.

Ijumaa moja tulipomaliza, Ami akaitwa mlangoni. Nikabonyeza swichi ya sauti, nikazungusha taratibu kwenda juu, nione huko wanakaa watu gani.

Sauti ya Baba ilikuwa safi kama ya mtu wa chumba cha pili. "Seif, mtoto keshatoka? Mie niko huku juu." Nyuma yake vyombo vinagongana, mwanamke anacheka, kisha kisauti kidogo: "Baba, na mie niseme."

"Njoo, mama. Sema, shikamoo Ami."

Kikasema.

Ami Seif aliporudi alinikuta nimezishika hedfoni kwa mikono miwili. "Si nilikwambia huku si kwako?"

"Na huyu je?" nikamuuliza. "Mdogo kuliko mie, mbona yuko juu?"

Akazima redio. Bibi siku ile hakufanya mzaha. Aliniletea halwa bila ya kuniuliza nalia nini, nikajua naye alikuwa akijua.

Ukubwani nikausoma mgawo wenyewe wa bendi. Umri haumo, hata pembezoni. Nikafahamu pia kwa nini nilichaguliwa Morse: Morse hupitisha lile tu mkono ulilokusudia, lakini sauti huja na nyumba nzima.

Sasa Baba kazeeka. Kila Ijumaa hunitumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Nauona urefu wake, siufungui. Namjibu kwa maandishi: UMEKULA. MEZA DAWA. Yaani nimemweka chini. Nyinyi mnaojua mizani kuliko mie, nishaurini: nipande nikamsikilize, au bado hajamaliza kulipa?