Udhaifu Niliowapa Bafisi

Jamani, kuna aibu ambazo mtu anazizoea, anazicheka mwenyewe kabla wenzake hawajazicheka, lakini hii yangu mpaka leo nikikaribia salle ya paroisse yetu, ule ukumbi wa parokia kule Katuba, navuka barabara, napita upande wa wauza makaa, ilimradi nisiuone ule mlango. Nitawaeleza, ila msinikatize, maana nikisimama katikati sitaendelea.

Kazi yangu ni kuchora mabango. Ukiona mlangoni pa kinyozi fulani wa Kamalondo kichwa kilichonyolewa vizuri kuliko vichwa vinavyotoka mle ndani, huo huenda ni mkono wangu. Na Jumamosi alasiri tulikuwa tunakutana kwa rafiki yangu Papy, fundi cherehani, kikundi cha vijana (watu wazima, tuseme ukweli, wengine wana watoto), tukitunga dunia yetu wenyewe. Tuliiita Nchi ya Ng'ambo. Kila mmoja analeta taifa lake la viumbe, nusu mtu nusu mnyama, anaeleza wanakula nini, wanaoana vipi, wanaogopa nini, halafu hadithi za wote zinakutana humo humo. Najua mnavyoniangalia. Lakini wiki nzima mtu unaandika "Hapa Tunanyoa" na "Bia Baridi", Jumamosi unataka kuchora kitu ambacho hakuna aliyekuagiza.

Sheria ilikuwa moja tu: hakuna nguvu ya bure. Papy aliweka makopo mawili juu ya meza ya kukatia nguo. Ukitaja nguvu ya viumbe vyako anatia kifungo cheusi katika kopo la kwanza, ukitaja udhaifu wao anatia cheupe katika la pili, na jambo likiwa zito vifungo vinaongezwa, mpaka makopo yalingane. Yasipolingana, taifa lako haliingii Nchi ya Ng'ambo, hata ulie. Wenzangu walishakimbilia simba, chui na mamba. Mimi nikachukua fisi, kwa ukaidi tu, kwa sababu kwetu fisi ni mlafi tena mnyama wa wachawi, nami nilitaka kumsafisha jina.

Basi Bafisi wangu walikuwa na taya za kuvunja mawe, miguu isiyochoka, na pua ya kunusa kifo kabla hakijafika, na kopo la vifungo vyeusi likajaa mpaka vikaanguka chini. Kila udhaifu niliouleta ulikataliwa. Nilisema wanaogopa mvua, Papy akasema hata yeye anaogopa mvua na bado ana nguvu ya kunifukuza. Wiki zikapita, Bafisi wako nje ya mpaka, na mimi nikaanza kuwaona wenzangu kama maadui.

Sasa hapo ndipo anapoingia Nathalie, mchumba wangu, ambaye naye alikuwa wa kikundi chetu. Baba yake, mzee wa reli, alikuwa amefariki kiangazi kilichotangulia, na mama yake alibaki na huyo binti nyumbani. Familia zetu zote mbili ni za kaskazini, na kwetu ukwe si mchezo: mama mkwe humtazami usoni, huli mbele yake, na jina lake la ubatizo halipiti kinywani mwako. Kwa hiyo nikimfuata Nathalie nilikuwa nasimama nje, ubavuni mwa mlango, nimegeuza uso kama mtu anayesubiri mvua ikatike. Jioni moja mlango ulikuwa wazi nami sikuugeuza uso vizuri. Nikamwona mama anapakua bukari, ugali wetu, na samaki katika sahani mbili. Moja yake. Ya pili ya bati nyeupe, mdomo wa kijani, imebanduka rangi upande mmoja. Akaiweka mbele ya kiti kitupu, akala yake polepole, akiitazama ile nyingine, kisha akaifunika. Nathalie alipotoka aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ni kila siku, saa ile ile baba yake alipokuwa anarudi kazini, na kwamba ni jambo ambalo nyumbani hawaliongelei.

Na mimi (ndiyo, mimi) nikaenda nikaliongea.

Jumamosi iliyofuata Nathalie hakuwepo, alikuwa Likasi kwa dada yake aliyejifungua. Nikasimama mbele ya makopo nikasema: Bafisi hawawezi kuwaacha wafu wao. Mwenzi akifa, aliyebaki anampakulia chakula kila jioni na kumwachia mlango wazi, na maadui wote wa Nchi ya Ng'ambo wanaijua ile saa ya kumvamia. Papy akalivuta kopo la pili karibu. Kisha akaanza kutia vifungo vyeupe, kimoja baada ya kingine, mpaka makopo yakalingana, na wenzangu wakapiga makofi. Hakuna aliyeniuliza nimeutoa wapi. Nilirudi nyumbani natembea kama bwana harusi.

Bado ningeweza kuokoka. Lakini paroisse iliandaa Jumapili ya familia, vijana waonyeshe vipaji vyao baada ya misa, na Papy akatuombea nafasi. Kila mtu atachora taifa lake kwenye karatoni kubwa ya boksi na kulieleza kwenye maikrofoni. Nikamchora fisi jike ameketi mezani, mwenye kitambaa kichwani, sahani mbili mbele yake. Nilipofika kwenye ile ya pili brashi ilikuwa na rangi nyeupe tu, na ningeiacha hivyo hivyo nyeupe leo tusingekuwa na hadithi. Ila mchora mabango ana ugonjwa wake: akiona kitu lazima akitoe kama alivyokiona. Nikafungua kopo la kijani. Nikazungusha mdomo wa sahani. Hata pale palipobanduka nikapabandua.

Jumapili hiyo salle ilijaa. Nathalie alikuwa amerudi kutoka Likasi usiku wa kuamkia siku hiyo, hakuwa ameiona picha, na akaja na mama yake ili mama aone mkwe mtarajiwa ana kipaji gani, maana wiki mbili mbele wazee wangu walikuwa waende kwao kujitambulisha. Wakaketi mstari wa mbele. Nikageuza karatoni, nikaanza kueleza, macho yangu juu ya dari kwa heshima. Watu wakacheka kwa sababu ya fisi mwenye kitambaa, nami (mjinga hana alama) nikadhani wanafurahia, nikaongeza sauti, nikaeleza makopo na udhaifu wao mpaka ile saa ya kuvamiwa. Hapo nyuma jirani yao mmoja akasema, si kwa ubaya: "Ile sahani iko sawa ile ya kwa Mama Nathalie."

Kicheko kilikatika. Nikashusha macho, kwa mara ya kwanza nikamtazama mama mkwe usoni, naye hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anaitazama sahani. Akasimama, akakaza kikwembe chake kiunoni, akaanza kwenda mlangoni.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nilikuwa na maikrofoni mkononi, na sauti yangu ikatoka kwenye spika mbili: "Mama Véronique, hauko weye! Ile iko fisi tu!"

Wale ambao walikuwa hawajaelewa, wakaelewa. Na jina nimelitaja. Nikaruka kutoka jukwaani nimfuate, mguu ukanasa kwenye waya, karatoni ikaanguka pamoja nami na kulala njiani mbele yake, picha juu. Mama akaizunguka taratibu, kama mtu anavyozunguka kaburi, akatoka. Nathalie akanipita pale chini, akamfuata mama yake.

Wazee wakaahirisha kujitambulisha. Tantine Berthe, dada ya baba yangu, aliposikia alikaa kitako kwanza. "Jina ya mama mukwe ulilitaya mu micro?" akauliza, na nilipoinamisha kichwa akaenda kutafuta kuku, kwa sababu kosa la namna hiyo haliombewi msamaha mikono mitupu. Lakini kilichonivunja hakikuwa hicho. Siku chache baadaye Nathalie alikuja mpaka mahali nilipokuwa nachora bango, akasimama mbali kidogo.

"Tangu siku ile mama haitie tena sahani ya papa," akasema. "Anakula mu jikoni, amesimama."

Nilidhani nimechukua hadithi, kumbe nilimnyang'anya mjane mume wake mara ya pili. Nililia pale pale, brashi mkononi, na wala sikuona haya kwa wapita njia.

Tulienda na kuku. Tantine akaingia, mimi nikabaki nje ubavuni mwa mlango, mgongo kwao, safari hii uso nimeugeuza kweli. Mama hakuniita. Aliongea na tantine kana kwamba mimi niko mji mwingine, lakini kwa sauti ya kufika nje.

"Umuambie ule mutoto yenu," akasema, "kile alisema kama ni buzaifu, hayiko buzaifu. Iko nguvu. Banaume ngapi banaweza kuifanya? Akitoe kule, akitie ku nguvu."

Tantine akajibu kwamba atanifikishia. Nami nilikuwa hatua moja kutoka kwao, machozi yananifika kidevuni. Kuku akapokewa, na kwetu kuku akipokewa mlango haujafungwa.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa Papy nikawaeleza wote, Nathalie akiwepo, kisha mimi mwenyewe nikavitoa vile vifungo vyeupe, nikatia vyeusi katika kopo la nguvu. Bafisi wakawa wazito kupita kiasi. Papy akauliza, sasa udhaifu wao ni upi? Nikasema: wanachokiona mlangoni pa watu wanakibeba kinywani mpaka sokoni. Papy akatia kifungo cheupe, akamtazama Nathalie. Nathalie akachukua vifungo vyeupe vyote vilivyobaki, akavimimina katika kopo la udhaifu.

Mimi bado nachora, na Nchi ya Ng'ambo bado tunaitunga, lakini nimeapa: cha nyumba ya mtu sikigusi kabla mwenye nyumba hajanipa kwa mkono wake. Wazee wangu wataenda kujitambulisha, Mungu akipenda, baada ya mvua. Na sahani imerudi mezani, Nathalie ameniambia. Ila siku hizi, kabla ya kupakua, mama anafunga mlango.