Wiki Mbili za Mama Karisa

Siku yangu ya kwanza kazini, katikati ya miaka ya themanini, Matroni alinikuta nikimwonyesha mgeni mahali pa kufulia. Akanivuta kando.

"Hapa mgeni hafui, hapiki, hafagii. Wewe ndiye mikono yake."

Nyumba yetu ilikuwa nje kidogo ya Malindi, ikiendeshwa kwa sadaka. Ilipokea wanawake wanaouguza majumbani wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Kila mmoja alipumzika wiki mbili, huku jirani au ndugu akimshikia mgonjwa. Siku za mwisho tulikuwa na desturi tuliyoiita kurudisha mikono: leo tunampa mgeni ndoo achote maji, kesho ufagio, ili kazi za kwao zisimwangukie kwa ghafla. Wageni wote waliiogopa ndoo ile.

Mama Karisa alitoka kijiji cha Ganda. Mwanawe, mgema, alianguka mnazini akapooza kuanzia kiunoni. Mwanzoni mama huyu alilala hadi adhuhuri, akiamka anaomba radhi. Baadaye akaanza kunawiri. Mpishi akamtania, "Ukirudi hivi, Karisa hatakujua."

"Na asinijue," akajibu, "nipate kulala."

Tukacheka sote.

Nilipompelekea ndoo hakuipokea. "Mwanangu, nifanyeni mfagiaji wenu. Mshahara sitaki. Nipeni pembe ya kulala tu."

Nikamwombea kwa Matroni.

"Kesho kitanda kile kina mgeni mwingine," akasema, bila ukali. "Naye amechoka vilevile. Basi nichagulie wewe wa kumfungia mlango."

Nilimsindikiza mpaka Ganda. Jirani aliyemshikia mgonjwa alitupokea mlangoni. "Umependeza, mwenzangu. Sisi huku tunanuka."

Ndani, Karisa aligeukia ukuta. Mama yake akajifunga leso kiunoni, akapiga magoti ili amgeuze. Hakuweza. Akajaribu tena, kisha akakaa sakafuni.

"Zamani nilikuwa namgeuza tu," akaniambia. "Sikujua kama ni mzito."

Nilitumikia matroni wengine wawili, nikastaafu nikiwa msimamizi wa vyumba. Vijana wakiniuliza kama tuliwasaidia wanawake wale, nawajibu kwamba walilala. Mwaka uliofuata tulimtengea Mama Karisa nafasi nyingine. Hakuja. Alimwagiza mtu wa Ganda atushukuru, atuambie kwamba hana tena nguvu za kupumzika.