Shamba la Chini, Mwisho wa Mtaro

Ng'ombe ndio waliotudanganya. Hapa kwetu Mbalibali, udongo ukipendwa na ng'ombe, nani atasema ni mbaya? Mashamba ya vitunguu tunayomwagilia kwa maji ya mto yalipoanza kutoa ungaunga mweupe kila kiangazi, ng'ombe walivunja ua kwenda kulamba. Tukafurahi! Kaka yangu mkubwa, ambaye kwake hakuna mali isiyo na pembe, alisema Mungu ametuletea chumvi mlangoni. Vitunguu vikadumaa, majani yakaungua ncha. Tukalaumu mbegu, tukalaumu aliyetuuzia mbegu. Chumvi hakuna aliyeilaumu, maana mifugo ilikuwa inanawiri.

Mimi niliumia kuliko wengine, kwa sababu shamba langu liko chini kabisa na maji ya kila mtu yaliishia kwangu. Nilipewa na mama niliporudi nyumbani, ndoa iliponishinda. Kwetu Wakurya binti harithi ardhi. Anaolewa, ng'ombe wanakuja, maneno yamekwisha. Lakini lile pori mama alilifyeka kwa mikono yake, na kabla hajafa aliwaita wanawe wote akasema ni langu. Kaka hakubisha mbele yake. Tulipomzika tu, akaanza kuliita "shamba la mama." Nikisema langu, anacheka. Sikuwa na ardhi nyingine chini ya jua.

Ndipo akaja afisa wa maji, kijana wa mkoa mwingine, mwenye adabu zake. Alichimba vishimo, akapima maji na udongo, kisha akasimama kwenye ritongo, mkutano wetu wa wote, akatueleza. Tunamwagilia mno, alisema, maji hayana pa kutokea, jua linayanyonya na chumvi inabaki juu. Kuna mashine ya kuchuja chumvi, ila inataka umeme na fedha ambazo hatuna. Kuna kusakafia mifereji kwa saruji. Hiyo nayo ni ghali. Njia ya tatu ni kupunguza maji, kuchimba mtaro, kuacha mvua ioshe mashamba, na maji ya chumvi yote yakusanyike mahali pamoja pa chini yakaukie huko.

"Hii ndiyo nafuu kuliko zote," akasema. "Itawagharimu jasho lenu na shamba moja tu."

Watu wakapiga makofi. Halafu makofi yakapungua, mmoja mmoja wakageuka kunitazama.

Kaka akasimama. "Hilo la chini ni la mama. Mama yetu hakuwa mchoyo."

Jamani! Nilisikia damu inapanda mpaka masikioni. "Mama yuko kaburini, halimi," nikamwambia. "Anayelima ni mimi. Hiyo nafuu ni ya nani?"

Yule kijana aliniangalia kwa huruma. "Samahani mama, sikujua ni lako. Lakini maji hayapandi mlima."

"Hayapandi, mwanangu, najua. Mtaro siukatai. Tusipouchimba, la kwanza kufa ni hilo hilo langu. Ninachokataa ni hesabu yako. Majembe umeyahesabu, jasho umelihesabu, shamba langu umeliweka bure."

"Ni kweli," akasema. "Nalo ni gharama."

Basi nikatoa masharti yangu. Kila ambaye shamba lake litaponywa na mtaro akate kipande cha juu anipe, mpaka wa kila kipande upandwe mkonge watu wote wakiona, na lile la chini libaki langu na chumvi yake.

Kaka akaruka. "Mwanamke agawiwe ardhi na kijiji kizima?"

Jirani yangu mmoja, bibi asiyeogopa mtu, akamjibu kutoka alikoketi: "Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Haya, mtaro uishie kwako." Watu walicheka mpaka mwenyekiti akaomba utulivu. Kaka alikata kipande chake siku hiyo hiyo, chembamba, tena chenye mawe, lakini alikata.

Mvua ziliponyesha nilikwenda kuuangalia mtaro. Yale maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yanaingia pale pale mama alipokuwa akipiga jembe huku akiimba. Nililia, tena kwa sauti, sikujali nani ananisikia.

Vitunguu vya juu vimeanza kurudi, ingawa si kila mahali. Vipande vyangu vimetawanyika, nazunguka kutwa kama kuku wa kienyeji, na miguu inaniuma. La chini limekuwa jeupe lote. Nimelizungushia miiba.

Kiangazi kilichopita, asubuhi, nilikuwa napalilia kipande kilicho karibu nikasikia kengele za ng'ombe. Kaka alikuwa amesimama nje ya miiba na kundi lake, ng'ombe wakinyoosha shingo kuelekea ile chumvi. Nikaendelea kupalilia. Alikaa pale muda mrefu, akakohoa, akachezea fimbo.

"Hodi!" akaita mwishowe.

Nikamwamkia shikamoo, maana ni mkubwa wangu. Akaitikia marahaba, macho yake yakiwa chini.

"Dada," akasema, "naomba niwaingize ng'ombe kwenye shamba lako."

Nikaenda nikaondoa miiba.