Mpango wa Meli na Barabara ya Masasi

Miaka ile ya themanini nilikuwa bwana shamba wa utafiti Nachingwea, na kila masika nilikwenda Ruangwa kuchota maji ya mto Mbwemkuru. Maji yenyewe yalikuwa uji wa udongo. Nilitaka kujua jambo moja tu: udongo wa mashamba yetu ukishafika baharini unalala wapi? Bila meli ningebaki kubahatisha, na nilikuwa nimechoka kubahatisha.

Kwa hiyo niliposikia meli ya utafiti inakuja Mtwara, niliomba nafasi, nikapewa. Nikaitwa Dar es Salaam kwa mama mmoja aliyekuwa akipanga safari ya meli hiyo kwa kompyuta. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona kompyuta. Aliipa vituo vya baharini, mwendo wa meli, na muda wa kushusha vyombo hadi chini na kuvipandisha. Programu ikapanga nani afanye kazi yake wapi na lini. Iliuliza hata habari za mawimbi. Matope ya Nachingwea haikuyauliza.

"Ukichelewa, ndugu, programu inakutoa na kupanga upya," aliniambia. "Meli kukaa bure ni hasara."

Nikamweleza kwamba mvua inayojaza udongo mtoni ndiyo hiyo hiyo inayokata barabara. Akacheka kwa huruma, akasema basi niondoke mapema.

Niliondoka mapema. Dereva wa gari letu la utafiti, mtu wa Mandawa, mpole hadi kuudhi, alikwama kabla ya Masasi nyuma ya msururu wa malori. Kule kwetu matope yana utaratibu wake: ukitolewa, huondoki. Unabaki na kamba yako hadi wa mwisho atoke. Lori moja likatuvuta asubuhi, na muda wa kuiwahi meli bado ulikuwepo. Nikaingia garini, nikafunga mlango, nikamwambia twende.

"Bwana shamba, na hawa?"

"Meli haisubiri."

"Tukiwaacha leo, masika yote haya nani atatuvuta?"

Akazima injini. Nilimchukia siku nzima ile, nikisukuma basi lililojaa walimu na magunia, tope limenifika magotini, huku nikijua kabisa kwamba alichosema ni kweli. Tulipofika posta ya Masasi, simu zilikuwa zimekufa.

Mtwara tulikuta gati tupu. Yule mama alikuwa katika ofisi ya bandari na kompyuta yake. "Pole sana, ndugu. Tumekungoja hadi tumeshindwa." Akanivutia kiti. Akanionyesha mpango mpya kwenye kioo, labda akidhani utanifariji: meli ingepita mbele ya mdomo wa Mbwemkuru bila kusimama, na muda wangu walikuwa wamepewa watafiti wa samaki. Kila kituo kilishikana na kinachofuata, hakuna saa iliyopotea.

"Mpango umekaa vizuri," nilisema, na sikuwa na kejeli. Nilikuwa nimechoka mno hata kukasirika. Nikaendelea kuutazama, nikitafuta mahali nilipokuwa. Usingejua kwamba pale paliwahi kuwa na mtu.