Pampu ya Dizeli na Watu Wawili Walionuniana

Nakumbuka siku moja ya mavuno huko Njoro, magunia ya ngano yamejaa kwenye trela, wingu jeusi linateremka kutoka milima ya Mau, na trekta yetu ikazima katikati ya shamba. Mwanangu, wewe uliyemnunia mwenzako tangu Jumapili, kaa hapa unisikilize.

Mimi na mume wangu Njuguna tulikuwa bado wageni kwenye ndoa, na tangu jana yake hatukuwa tunasemezana. Sababu hata siikumbuki. Nadhani ilikuwa chumvi. Asubuhi yeye alidhani nimejaza dizeli, mimi nikadhani amejaza yeye, na hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kuuliza. Tangi likakauka. Njuguna akakimbia akaleta mtungi, akamimina, akajaribu kuwasha. Trekta ikakohoa tu. Ngano ile ikinyeshewa ingeota ndani ya magunia, na hatukuwa na nyingine. Niliogopa sana.

"Pampu imekufa," akasema, si kwangu, kwa trekta. Akashika spana aifungue.

Mama mkwe wangu alikuwa kando akishona gunia la mwisho. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa trekta, na injini hizo walizitengeneza pamoja miaka mingi.

"Weka hiyo spana chini, Njuguna. Ukiifungua hapa kwa vumbi ndio utaiua. Iko na hewa tu."

Akatueleza bila kuacha kushona. Ndani ya pampu mna vyuma vidogo vinavyosukuma dizeli kwa nguvu nyingi mno, kidogo kidogo, kila silinda kwa zamu yake. Dizeli haibonyei, kwa hiyo inalazimisha nozeli, kile kimdomo cha kunyunyizia, ifunguke, nayo dizeli hutoka kama ukungu, ndipo iwake. Hewa hubonyea. Tangi likikauka hewa huingia, na pampu itasukuma mpaka betri iishe, nozeli isifunguke.

"Na hiyo hewa inatolewa na watu wawili," akasema. "Mmoja apige pampu ya mkono, mwingine alegeze skrubu ya kutolea hewa. Na muongee!"

Alijua vizuri sana alichokuwa akifanya, yule mama. Nikashika pampu, Njuguna akashika skrubu.

"Piga," akasema, kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa.

"Napiga."

Povu likatoka. "Bado... bado kidogo... sasa imekuja safi. Usiache, nafunga!"

"Si ufunge basi!"

Dizeli ikamrukia puani. Nikaangua kicheko, naye akacheka, na kufikia nati za nozeli, ambazo nazo hulegezwa kutoa hewa iliyobaki, tulikuwa tunaongea kama kasuku. Trekta ikanguruma. Matone ya kwanza ya mvua yalitukuta mlangoni pa ghala.

Mwanangu, usikimbilie kusema ndoa yako imekufa, wala usiifungue mbele ya watu kwa spana. Huenda ni hewa tu imeingia kwa sababu kila mmoja alingoja mwenzake aulize. Uliza wewe kwanza, hata kama ni kuhusu dizeli. Kisha msaidiane kuitoa, na usiache kupiga pampu kabla mwenzako hajafunga.

Njuguna bado hununa, na uzee wote huu. Nikimwona kimya namwambia, "Piga," naye hujifuta pua na kucheka.

Nenda nyumbani sasa. Mungu awape tangi lisilokauka, na kicheko kabla mvua haijafika.