Sauti Iliyoishia Dukani

Kuna wanaume wanaojulikana kwa mali yao, na wengine kwa ugomvi wao. Molu alijulikana kwa koo lake. Mwaka ule wa 1958, kutoka Chewele hadi Chara, hapakuwa na mfugaji wa Kiorma aliyeweza kuvusha ng'ombe mto Tana kama yeye, na yeye mwenyewe alilijua hilo kupita kiasi.

Kazi yenyewe ni hii. Ng'ombe havuki mto mpana kwa fimbo. Fimbo humwingiza majini tu. Akifika katikati, kwato hazigusi chini na ukingo hauonekani vizuri, kinachomvuta ni sauti. Basi mwitaji hutangulia kwa mtumbwi hadi ng'ambo, akasimama pale penye mteremko wa kupandia, akaimba. Ng'ombe kiongozi huifuata sauti, na wengine humfuata kiongozi. Wala si sauti ya yeyote. Ni ile waliyoizoea tangu wakiwa ndama, wakati wa kukamuliwa na wakati wa kunyweshwa. Akiwaita mgeni, hata awe na sauti tamu namna gani, watamtazama tu.

Ndiyo maana marehemu baba yake Molu, aliyemwachia kazi hiyo, alikuwa na mwiko mmoja. Siku ya kuamkia mvuko hakusema neno tangu alasiri. Alikunywa samli ya moto, akajifunga kitambaa shingoni, na akitaka kitu alionyesha kwa mkono. Mumina, mke wa Molu, aliushika mwiko huo kuliko mumewe.

Sasa, mwaka huohuo Athman, mzaliwa wa Kipini mwenye duka pale Garsen, alileta redio ya betri. Kila Alhamisi baada ya magharibi ulikuja mchezo wa watu waliopanda chombo cha chuma kwenda kwenye nyota ya Zuhali. Duka lilijaa pomoni. Wafugaji walikaa upande wa magunia, wakulima wa Kipokomo upande wa mapipa ya mafuta ya taa, na mchezo ukiisha ndipo mchezo wa pili ulipoanza, yaani ubishi. Sehemu ipi tamu, ipi imechacha? Ya tatu, chombo kilipopita kwenye mvua ya mawe, iliwapendeza karibu wote. Ya nne hakuna aliyeitetea, maana wasafiri walikaa tu wakijadili namna ya kugawana maji. "Ile si safari, ile ni baraza ya chifu," Athman alisema, na watu wakacheka hadi machozi.

Ya tano ndiyo iliyowagawa. Ndani yake Kapteni alitoka nje ya chombo kutengeneza kitu, kamba yake ikakatika, akapotelea gizani. Wenzake wakamwita kwa jina katika chombo chao cha kusemea, wakamwita bila kuchoka, naye akaifuata sauti mpaka akarudi. Molu aliisikiliza sehemu ile amefumba macho. Hakuwahi kudhani kuna mtu Nairobi anayeijua kazi yake.

Kaviha akaiponda. Kaviha alikuwa Mpokomo, mkulima wa mpunga na mwenye mtumbwi, rafiki wa Molu wa miaka mingi. Kila mvuko ni yeye aliyempeleka ng'ambo. "Hiyo ndiyo mbovu kuliko zote," alisema. "Mtu akichukuliwa na mkondo hurudishwa na kamba au na kasia. Sauti haina mkono, ndugu yangu."

"Wewe jua samaki tu," Molu alimjibu. "Kitu iko na roho nafuata sauti."

Wiki zikapita, wawili hao hawakuachana na sehemu ya tano.

Ikaja Alhamisi ya balaa. Mvua zilikuwa zimekwisha kuanza huko juu, mto ulikuwa umegeuka rangi ya matope, na ng'ombe wa Molu walikuwa bado upande wa malisho ya kiangazi, ambako maji yangewafunika. Ilikuwa lazima wavuke kesho yake. Keshokutwa mto usingevukika, na hilo kila mtu alilijua. Katika kundi lile walikuwamo pia ng'ombe wa mahari wa Halake, mdogo wake Molu, aliyemposa Kaltuma na kungoja misimu miwili. Kila mvuko Halake ndiye aliyekuwa akiogelea na ng'ombe kiongozi, mkono mmoja pembeni mwa shingo yake. Alikuwa akisema hakuna kazi rahisi kama ile, maana kaka yake anavuta na yeye anashikilia tu.

"Baba Dado, leo usiende dukani," Mumina alimwambia. "Sauti yako leo si yako, ni ya ng'ombe."

Molu akaonyesha kwa mkono kwamba anakwenda kusikiliza tu, hasemi. Na kweli alikusudia hivyo. Lakini alipofika, betri ilikuwa imekufa. Redio ilikoroma kidogo, ikanyamaza. Watu wamekuja na mvua, wameloa, hawana la kusikiliza; wangefanya nini? Kaviha akaanza, "Heri imekufa, isije ikatuletea nyingine kama ya tano."

Asiyemjua Molu angedhani angevumilia. Alivumilia kidogo, kisha akafungua kinywa, na alipokwisha kufungua hakufunga. Mvua ilikuwa ikipiga mabati ya duka hivi kwamba mtu na jirani yake hawasikizani, kwa hiyo kila hoja ilibidi ipigiwe kelele. Kaviha akapaza, Molu akapaza zaidi. Alisimama juu ya gunia la unga akawaigiza wenzi wa Kapteni, akamwita Kapteni kwa wimbo uleule wa mvuko, kwa nguvu zote, tena na tena, ili Kaviha aone kwamba sauti ina mkono. Duka zima lilipiga makofi. Athman peke yake alimwambia, "Molu, hunayo kazi kesho weye?" Hakuna aliyemsikia. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, na mimi nikikumbuka makofi yale nakasirika hadi leo, kwa kuwa hata waliojua mwiko ule walipiga.

Asubuhi Molu aliamka na mkwaruzo. Mumina akamchemshia samli, akamfunga kitambaa shingoni, hakumlaumu. Halake akamtazama kaka yake. "Iko?"

"Ikifika saa yake itatoka," Molu alinong'ona.

Angeweza kusema haiko. Lakini mto ulikuwa umepanda usiku, na kusema haiko ni kuwaacha ng'ombe wote wafe upande wa malisho. Na tena, tuseme ukweli, aliona haya.

Kaviha akampeleka ng'ambo yeye na Mumina bila ubishi wowote, kisha akarudi na mtumbwi kupiga maji kwa upondo, mamba wasisogee. Dima, ng'ombe kiongozi, yule mwekundu, akaingia kwanza, Halake ubavuni mwake. Wengine wakafuata, vichwa tu juu ya maji. Molu akasimama penye mteremko, akavuta pumzi, akaita.

Ilitoka hewa.

Akaita tena, akishika mbavu. Ikatoka sauti ya mgonjwa, ambayo haikufika hata kwenye matete. Katikati ya mto Dima akainua masikio, akatafuta. Hakusikia anayemjua. Akageuza kichwa kurudi alikotoka, na nyuma yake kundi zima likageuka kumfuata, na waliokuwa nyuma kabisa bado wanakuja mbele. Wakaanza kuzunguka. Ng'ombe wakizunguka majini hupandana, na mwenye kupandiwa hazuki. Kaviha akajaribu kuuimba wimbo ule, anaujua neno kwa neno, hawakumjali. Halake alikuwa ndani ya duara, ameng'ang'ania shingo ya Dima, anamvuta kuelekea kwa kaka yake. Alionekana akigeuza uso ukingoni, kama anayengoja. Molu alimwita kwa jina. Alimwita kwa kinywa wazi na mishipa imemtoka, na Mumina, aliyekuwa hatua chache kutoka kwake, hakusikia kitu.

Kisha pembe zikafungana juu ya Halake, na mkondo ukawabeba wote.

Ng'ombe wachache walirudi upande wa pili, wakafa huko maji yalipotandaa. Halake alipatikana mbali, mto unakoteremkia, karibu na Kilelengwani, amenasa kwenye matete. Kaltuma alikaa kwao hadi mwaka ulipokwisha, kisha akaozwa kwingine. Na Molu, asiye na ng'ombe wa kuita, akaajiriwa kuvuta kamba ya kivuko cha magari cha Garsen. Sauti ilirudi kiasi cha kuombea maji ya kunywa. Kuimba hakuimba tena.

Athman alipopata betri mpya, watu walirudi kwenye magunia na mapipa yao. Molu aliingia siku moja kununua sukari. Kaviha, aliyekuwa hajakanyaga pale tangu siku ile, alimwona akiingia, akamfuata. Akasimama mbele ya watu wote.

"Molu, ndugu yangu, nilibisha bure. Kitu chenye roho hufuata sauti, nimeona kwa macho yangu. Sehemu ya tano ndiyo bora kuliko zote. Umeshinda."

Molu alilipa sukari yake.

"Hapana," alisema kwa ule mkwaruzo wake. "Ile ndiyo mbovu kabisa. Yule aliitwa, akarudi."

Akatoka kwenda mtoni, kwa sababu gari lilikuwa limeshafika ng'ambo na dereva alikuwa akipiga honi.